Unaenda Riyadh kutembea? Panga begi lako hivi

Watu wengi wakisikia jangwa wanajaza begi tisheti za kukata mikono, kaptura na ndala, halafu wakikumbuka kwamba Saudia ni nchi ya dini wanatupia juu yake nguo ndefu moja mbili za heshima. Yaani wanapanga mabegi mawili ndani ya begi moja, la joto na la adabu. Kwa Riyadh huna haja ya kujisumbua hivyo, kwa sababu jua la kule na desturi za kule vinataka nguo ileile: ndefu, pana, nyepesi, isiyobana na isiyoonyesha mwili. Ukianzia hapo begi linapungua lenyewe, na unazunguka mjini bila wasiwasi kwamba bega litaungua au mtu atakukazia macho.

Angalia mwezi kabla hujagusa kabati

Riyadh iko katikati ya nchi, mbali kabisa na bahari, kama mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, na hiyo inabadilisha mambo mengi. Julai na Agosti mchana ni nyuzi 43, 44, kuna siku inapita hapo, na hata usiku hupati nafuu kubwa. Lakini Desemba mpaka Februari mchana ni kama nyuzi 20 tu na usiku inashuka mpaka 9 au chini ya hapo, na ukitoka nje ya mji kulala kambini ndo utajua baridi ya jangwani inavyouma. Kwa hiyo mtu akikwambia Saudia ni joto tu, muulize alienda mwezi gani. Halafu kuanzia Machi mpaka Mei kuna vumbi, upepo unanyanyua mchanga na anga lote linageuka rangi ya kahawia, kipindi hicho barakoa na miwani vinakuwa vitu vya lazima.

Angalia pia Ramadhani inaangukia lini mwaka huo, maana kila mwaka inarudi nyuma kama siku 10 au 11. Ukienda mwezi huo huruhusiwi kula, kunywa wala kuvuta sigara hadharani mchana hata kama wewe si Muislamu, na mji unaamka usiku, kwa hiyo utahitaji nguo nzuri za kutokea usiku kuliko za mchana.

Kitu kingine, joto la Riyadh ni kavu. Sio kama la Jeddah ambako bahari ipo na nguo inakuganda mgongoni. Riyadh jasho linakauka kabla hujaliona, unajiona uko sawa kumbe maji yanakutoka muda wote, hilo nitarudi kulisema kwenye mambo ya kunywa. Kwa upande wa begi ukavu huo unakusaidia sana: shati la pamba ukilifua usiku bafuni ukalitundika, asubuhi unalivaa. Kwa hiyo kwa wiki nzima seti nne za nguo zinatosha kabisa. Beba sabuni kidogo ya kufulia na kamba nyembamba ya kuanikia, hivyo viwili vinakuokolea kilo kadhaa.

Nguo zenyewe

Dada zangu kwanza, maana maswali mengi ni yenu. Tangu Saudia ifungue viza ya utalii Septemba 2019, mwanamke mgeni halazimishwi kuvaa abaya. Kinachotakiwa ni mavazi ya staha, mabega na magoti yafunikwe, nguo isibane na isiwe ya kuonyesha ndani. Mtandio kichwani nao si lazima barabarani, ila msikitini ni lazima. Hiyo ndo kanuni. Sasa ushauri wangu ni kwamba beba abaya moja hata hivyo, kwa sababu Riyadh ni mji wenye msimamo kuliko Jeddah, na wanawake wengi utakaowakuta wamevaa, kwa hiyo ukivaa unatulia, hakuna anayekugeukia. Na kiukweli ni nguo rahisi kuliko zote za kusafiria: ndani unavaa chochote chepesi, juu unatupia abaya, umemaliza.

Ila kuna abaya na abaya. Ukiishika kitambaa, kipitishe mbele ya taa au dirisha, kama unaona vidole vyako vyote upande wa pili basi ni nyepesi mno, lakini kama kinakaa kizito mkononi kama pazia nacho kitakuchosha. Unataka kitambaa kinachoanguka vizuri, kinachopepea ukitembea na kisichonasa umeme wa kukugandisha miguuni, hewa kavu inafanya polista ya bei rahisi igande vibaya sana. Urefu ndo watu wanapokosea kununua. Abaya inayofagia chini ni nzuri kwenye picha, lakini Riyadh utapanda ngazi za umeme kila saa, kwenye moli, kwenye vituo vya metro, treni ya mjini iliyofunguliwa Desemba 2024, na pindo refu linaingia kwenye meno ya ngazi ile sehemu ya kushukia. Vaa na viatu utakavyotembelea, simama wima, pindo likomee juu ya kifundo cha mguu au likigusa kiatu kidogo tu. Kama ya kwako ni ndefu ipelekeni kwa fundi kabla ya safari, ni kazi ndogo. Ya vifungo mbele ni bora kuliko ya kufunika tu, kwa sababu upepo wa jangwani hauombi ruhusa. Pini nne tano kwenye pochi zinatosha kwa dharura.

Rangi isikutishe. Nyeusi ndo nyingi lakini siku hizi kuna za kijivu, za bluu, za rangi ya mchanga, wenyeji wenyewe wanavaa. Na wale wanaosema nyeusi itakupika, mwaka 1980 watafiti walichapisha jaribio la jangwa la Negev, walimsimamisha mtu juani akiwa na joho jeusi la Kibedui, kisha jeupe, wakapima. Lile jeusi lilinyonya joto zaidi ndiyo, ila joto lililomfikia mwilini lilikuwa sawa na la jeupe, kwa sababu joho ni pana, hewa inapita chini yake na kuondoka na joto kabla halijafika kwenye ngozi. Upana ndo unaokupoza. Ndo maana jinzi ya kubana, hata iwe nyeupe, itakutesa kuliko joho jeusi linalopepea.

Ndani ya abaya vaa suruali nyepesi ya pamba au gauni la kitani. Beba mitandio miwili ya pamba, mmoja ukiwa umefuliwa mwingine upo, na mtandio unafanya kazi nyingi: kichwani msikitini, mabegani kwenye kiyoyozi, puani vumbi likija, shingoni jua likikaza.

Kaka zangu nanyi msijione mmesamehewa. Suruali ndefu ndo nguo yenu ya kila siku. Kaptura inayofunika magoti utaiona kwenye moli na watu wapo, lakini kanuni za adabu za hadharani zinataja wazi kwamba kaptura msikitini na kwenye ofisi za serikali ni kosa, faini yake riyali 250 mpaka 500. Singlendi iache kabisa, ya nini kubeba kitu utakachovaa chumbani tu? Mashati ya mikono mirefu ya pamba au kitani, mapana kidogo, unakunja mikono ukitaka, unashusha jua likikaza. Kanzu ukiwa nayo vaa bila shaka yoyote, ila hakuna anayekudai uvae.

Kwa wote: kagua maandishi na picha kwenye nguo zenu. Tisheti yenye tusi, hata la lugha ya kigeni, au picha ya chupa ya pombe au mwili wa mtu, iache nyumbani, kanuni zinakataza nguo zinazochukiza adabu. Nguo za kulalia nazo ni za chumbani, usishuke nazo dukani.

Kuogelea: hoteli nyingi zinatenganisha wanaume na wanawake, ama kwa saa ama kwa bwawa, na kuna hoteli ambazo wanawake hawana bwawa kabisa. Piga simu au andika uulize kabla hujabeba nguo za kuogelea, na ukibeba, beba zinazofunika.

Miguuni

Pea mbili tu. Raba nyepesi za kutembelea ambazo umeshazizoea, sio mpya, na viatu vya kuvaa na kuvua haraka, visivyo na kamba, kwa sababu msikitini unavua na ukikaribishwa nyumbani kwa mtu, kwenye majlisi, yaani sebule ya wageni yenye zulia, pia unavua. Hapo ndo soksi zinapoonekana, kwa hiyo beba soksi nzuri zisizo na tundu, pea nne za pamba. Sendo za wazi ni sawa jioni mjini, ila usitegemee kuzivaa kwenye mchanga mchana wa kiangazi, uso wa mchanga unaweza kufika nyuzi 60 na zaidi, na unaingia kati ya sendo na unyayo unaunguza kwelikweli.

Baridi, ndiyo baridi

Hata ukienda Agosti beba sweta jepesi. Moli, sinema, metro, migahawa, huko kote viyoyozi vinapuliza mpaka meno yanagongana, na unaingia ukiwa na jasho. Sweta liwe kwenye mkoba wako wa kila siku, sio hotelini. Ukienda Desemba mpaka Februari ongeza jaketi la maana, soksi nene na kofia ya sufu kama una mpango wa kulala jangwani.

Ngozi, macho, pua

Losheni ya jua SPF 30 inazuia karibu asilimia 97 ya miale inayounguza, 50 inazuia kama 98, kwa hiyo usijikamue mfukoni kutafuta namba kubwa zaidi, la muhimu ni kupaka ya kutosha na kurudia kila saa mbili. Mistari miwili ya losheni kwenye urefu wa vidole viwili ndo kipimo cha uso na shingo, wengi wanapaka robo ya hapo. Uzuri wa nguo ndefu ni kwamba unapaka uso, shingo, migongo ya viganja na miguu tu, chupa moja inafika mwisho wa safari.

Mafuta ya midomo yenye kinga ya jua, hayo hayana mjadala. Vaseline kikopo kidogo, unapaka ndani ya pua kidogo kabla ya kulala, hewa kavu pamoja na kiyoyozi vinapasua ngozi ya pua na damu inatoka, watu wanashtuka bure. Wanaovaa lenzi machoni wabebe miwani yao ya kawaida pia na matone ya kulainisha macho, siku ya vumbi lenzi hazivaliki. Mwenye pumu asitoke hotelini bila pampu yake, mfukoni, sio kwenye begi.

Chupa ya chuma inayotunza ubaridi, lita moja, hiyo ni ya kubeba kutoka nyumbani, ivuke uwanja wa ndege ikiwa tupu. Kunywa kabla ya kiu. Kipimo kizuri ni mkojo: ukiwa wa njano iliyopauka uko vizuri, ukigeuka rangi ya chai umechelewa. Beba pakiti kadhaa za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, hazina uzito wowote. Zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha sio vya kilima, inafanya kazi ileile.

Dawa na vitu vya kuacha

Hapa naomba usome taratibu, kwa sababu nguo ukikosea utanunua nyingine, hapa ukikosea unaweza kuishia mikononi mwa polisi. Saudia wako wakali sana na dawa za kulevya, na orodha yao inagusa dawa ambazo sisi tunapewa hospitali kama kawaida. Tramadol, kodeini ambayo imo kwenye baadhi ya dawa za maumivu na za kikohozi, diazepam, pregabalin, hizo zinadhibitiwa. Ukiwa unatumia dawa yoyote ya maumivu makali, ya usingizi, ya wasiwasi au ya kifafa, ingia kwenye tovuti ya mamlaka yao ya chakula na dawa, SFDA, uombe kibali kabla ya kusafiri, sio ukifika. Geuza kila pakiti usome majina ya kilichomo, maana jina kubwa la mbele halikwambii kodeini imo au haimo.

Dawa za kawaida pia zipangie adabu yake: ziache kwenye pakiti zake zenye jina lako, na cheti cha daktari cha karibuni, usizimwage zote kwenye kikopo kimoja ili kuokoa nafasi. Beba za kutosha safari yako tu. Zikae kwenye begi la mkononi, na insulini iwe kwenye kifuko cha ubaridi, usiiache kwenye gari lililoegeshwa hata dakika kumi.

Vingine vya kuacha: pombe ya aina yoyote, nyama ya nguruwe na vyakula vyenye nguruwe ndani, na miraa. Nairudia miraa, kwa sababu kuna mtu anaona ni majani tu. Kule ni dawa ya kulevya, kamili, hata kijiti kimoja kilichosahaulika kwenye mfuko wa jaketi. Kung'uta mifuko yote ya begi la zamani kabla hujapanga. Na usimbebee mtu kifurushi, hata awe shangazi yako, kama hujakifungua ukaona kilichomo. Droni nayo iache, bila kibali itabaki uwanja wa ndege.

Kama umealikwa nyumbani kwa watu na unataka kubeba zawadi, chokoleti nzuri inapokelewa vizuri, ila soma pembeni mwa boksi, kuna chokoleti zina pombe ndani na hiyo itakutia aibu mlangoni.

Vya umeme

Plagi za kule nyingi ni za pini tatu za bapa, zile za Kiingereza, kwa hiyo kama chaja zako ni hizo huhitaji adapta. Pawabanki iwe kwenye begi la mkononi, haikubaliwi kwenye begi la chini ya ndege, na isizidi wati saa 100, ambayo ni kama mAh 27,000. Simu nyingi hazipendi joto la zaidi ya nyuzi 35, ikiwa kwenye jua inajizima yenyewe, kwa hiyo ifunge kwenye kitambaa cheupe au iweke katikati ya nguo mkobani, usiiweke kwenye dashibodi. Na kupiga picha watu, hasa wanawake, bila ruhusa ni kosa kwenye kanuni zilezile za adabu, lenzi kubwa ya mbali haina kazi nyingi mjini.

Kama unaenda mpaka Ukingo wa Dunia

Wageni wengi wakifika Riyadh wanataka kwenda kwenye yale majabali ya Jebel Fihrayn, kama kilomita 90 kaskazini magharibi mwa mji, unasimama juu unaona jangwa limelala chini mpaka macho yanachoka. Ni kuzuri mno. Lakini hakuna kivuli, hakuna duka, hakuna choo, na mtandao unakatika, na njia inataka gari la magurudumu manne. Mkoba wa siku hiyo upangwe peke yake: maji lita tatu nne kwa kila mtu, ORS, kofia pana yenye kamba ya kidevuni maana pembeni ya jabali upepo ni mkali, raba zenye meno chini, tochi, tishu na mfuko wa taka zako, jaketi kama ni miezi ya baridi kwa sababu jua likizama joto linakimbia, na ramani uliyoipakua kabla kwenye simu. Mwambie mtu hotelini unaenda wapi na unarudi saa ngapi.

Kwa Diriyah, ule mji wa zamani wa udongo wa At-Turaif ulioingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2010, huhitaji hayo yote, raba na maji tu, ila nenda alasiri.

Kupanga begi lenyewe

Vizito chini upande wa magurudumu, viatu ndani yake soksi, nguo uzikunje kwa kuzungusha. Losheni na shampuu zifungwe kwenye mfuko wa plastiki, chupa kubwa ziende chini, za mkononi zisizidi mililita 100. Kwenye begi la mkononi weka pia seti moja kamili ya nguo ya staha na mtandio, begi kubwa likichelewa usianze safari kwa kutafuta duka. Abaya au shati refu livae kabisa ndani ya ndege, unashuka ukiwa tayari na umeokoa nafasi.

Na vitu vingine usibebe kabisa kwa sababu viko kule kila kona: maji, tishu, barakoa, losheni za kawaida. Kilemba cha wanaume, abaya ya pili, udi na manukato, hivyo utavipata Souq Al Zal karibu na ngome ya Masmak, na pale bei inazungumzika. Fedha za kule ni riyali, dola moja ni riyali 3.75, na kadi inapita karibu kila duka, ila sokoni shika noti ndogondogo.